Neno juu ya Mavazi ya Wanawake, na juu ya Macho Yetu

Somo: 1 Timotheo 2:8-10



Neno la mwezi huu limezaliwa na swali. Walimu na wainjilisti wa sharika zetu za mjini huuliza mara kwa mara: "Mwanamke akija ibadani amevaa suruali, au gauni fupi, au kichwa wazi, tumfanyeje? Tumkaribishe, au tumrudishe nyumbani akabadili nguo?" Wengine huuliza kwa uchungu, maana wazee wa kanisa wamegawanyika, hawa wakisema hivi na hawa vile, na vijana wanawatazama. Swali hili si dogo. Mtu asiseme, "Ni habari ya kitambaa tu." Kwa ajili ya kitambaa hicho wako watu waliotoka katika nyumba ya Mungu wasirudi tena.

Nami kabla ya kufundisha imenipasa kuungama jambo moja mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika usharika mmoja wa mji huu, nikasimama karibu na mlango kabla ya kengele ya pili. Akaja binti mmoja, umri wake yapata miaka 20, amevaa fulana na sketi iliyoishia juu ya magoti. Viganja vyake vilikuwa na alama za kamba, kama viganja vya watu wafunguao marobota ya mitumba sokoni. Mzee mmoja akamzuia, akamwambia kwa sauti iliyosikiwa mpaka benchi la tatu, "Binti, hapa si Mtaa wa Kongo. Nenda kavae nguo, ndipo uje." Yule binti hakujibu. Aliivuta sketi yake chini kwa mikono miwili, akageuka, akaenda zake. Mimi niliona, nami nilinyamaza. Nilijiambia moyoni, "Mimi ni mgeni, huu si usharika wangu." Baada ya ibada nikauliza habari zake, na mama mmoja akaniambia, "Alikuja kuuliza juu ya mafundisho ya ubatizo." Hakurudi. Tangu siku ile kila nisomapo maneno ya Mtume juu ya mavazi naisikia sauti ya yule mzee, nausikia na ukimya wangu.

Basi, na tulichunguze jambo hili mbele za Mungu. Kwanza tusikilize kwa haki wasemavyo Wakristo, maana hawasemi neno moja.

Wako wasemao: Maandiko yametoa amri, na amri haibadiliki kwa sababu mji umebadilika. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, mlango wa 11, kwamba mwanamke aombaye ajifunike kichwa. Torati nayo, Kumbukumbu la Torati 22:5, imekataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume, na mwanamume kuvaa vazi la mwanamke. Tena nabii Isaya, mlango wa 3, aliwakemea binti za Sayuni kwa ajili ya mapambo yao na mwendo wao wa kujionyesha. Ndugu hawa wana mashahidi wengi wa zamani. Tertuliano, mwalimu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, yapata mwaka 200 aliandika kuyakataa mapambo ya wanawake, akaandika tena kwamba hata wanawali wajifunike. Ndugu zetu Wamoravian, ambao kanisa lao lilifika nchi hii mwaka 1891, zamani huko Ujerumani walikuwa na desturi ya akina mama kuvaa kofia nyeupe za kitambaa, na rangi ya utepe wake ikaonyesha kama mtu ni mwanamwali, au ameolewa, au ni mjane. Kanisa Katoliki katika sheria zake za mwaka 1917 liliwaagiza wanawake kufunika vichwa kanisani, na agizo hilo halimo tena katika sheria za mwaka 1983. Waadventista wa Sabato hufundishwa kuacha vidani na hereni.

Wala sababu ya hao wote si mbaya. Wakaao Kariakoo husikia adhana na kengele katika nyumba moja. Huwaona jirani zetu Waislamu wakienda kuswali kwa vazi la heshima, nao hawapendi mtu aseme kwamba Wakristo ni watu wasio na haya. Tena wana mabinti, nao wajua mji ulivyo. Mzazi amwambiaye binti yake, "Mwanangu, jisitiri," hasemi kwa chuki. Asema kwa hofu na kwa upendo.

Lakini wako na wengine wasemao: Bwana hatazami kama binadamu atazamavyo. Binadamu hutazama sura ya nje, bali Mungu hutazama moyo, kama Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese (1 Samweli 16:7). Vazi, wasema, ni desturi, na desturi hutofautiana kwa nchi na kwa nyakati. Wasema hivi: Vazi la mwanamume ni lipi? Kanzu ya wanaume wa pwani ni ndefu mpaka vifundoni, na mgeni asiyeijua angeweza kuiita gauni. Nao wanawake wengi wa Kihindi katika mji huu, tangu Kisutu mpaka Upanga, huvaa suruali chini ya vazi refu, wala hakuna awaonaye kuwa wamevaa kiume. Huvaa kwa heshima kuliko wengi wetu. Basi ni suruali gani iliyo dhambi?

Nalo neno hili lina kweli ndani yake. Walakini nao wajihadhari. Mtu aweza kusema, "Mungu hutazama moyo," huku moyo wenyewe umejaa tamaa ya kutazamwa. Uhuru wa Kikristo si ruhusa ya kutomjali jirani. Mtume amefundisha katika Warumi mlango wa 14 kwamba mwenye nguvu asimkwaze aliye dhaifu kwa ajili ya chakula, na lile lililo kweli kwa chakula ni kweli kwa nguo.

Sasa na tulirudie somo letu, tulisome lote, maana tumezoea kulisoma nusu.

Mstari wa 8 wasema na nani? Wasema na wanaume. Kabla Mtume hajataja vazi la mwanamke hata moja, amewaagiza wanaume wasali wakiinua mikono iliyo safi, pasipo hasira wala mabishano. Ndipo, katika mstari wa 9, asemapo, "vivyo hivyo na wanawake." Basi niwaulize, wazee wangu: ni lini mlisimama mlangoni mkamzuia mwanamume kwa sababu amekuja na hasira? Ni lini mliiangalia mikono yake kama ni safi, naye jana amempiga mkewe, au amempunja mchukuzi wake ujira sokoni? Vazi la mwanamke hulipima kwa macho mtu yeyote, hata mtoto. Hasira ya mwanamume haina pindo la kupimwa, kwa hiyo hupita mlangoni, ikaketi benchi la mbele, ikapokea hata sahani ya sadaka. Ni sisi tuliolikata somo katikati. Mtume hakulikata.

Tena tazameni, Mtume anataja nini hasa katika mstari wa 9? Anataja haya na kiasi, ndiyo. Lakini atoapo mifano, hataji magoti wala mabega. Ataja nywele zilizosukwa kwa fahari, dhahabu, lulu, na nguo za thamani kubwa. Naye Petro katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 3, ataja mambo yayo hayo. Katika miji ile ya Wayunani na Warumi, mke wa tajiri aliweza kuingia katika kusanyiko amevaa mali ya kulisha nyumba nzima, na pembeni yake ameketi mtumwa asiye na nguo ya pili. Kujisitiri alikofundisha Mtume ni pamoja na hili: usilifanye kusanyiko la Kristo kuwa mahali pa kumwonyesha maskini umaskini wake. Yakobo naye alilisema katika mlango wa 2, juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri, na maskini aambiwaye asimame kule.

Hapo ndipo neno hili linapotuchoma sisi wa leo. Nendeni Mtaa wa Uhuru muyaone maduka ya vitenge na kanga. Nguo zile ni nzuri, ni ndefu, zafunika mpaka miguuni, wala hakuna mzee awezaye kuzirudisha mlangoni. Lakini ulizeni habari za sare. Arusi moja yataka kitenge cha siku ya kumfunda bibi arusi, kingine cha siku ya kumuaga, na kingine cha arusi yenyewe. Kwaya yataka sare ya Pasaka, na sare ya Krismasi, na sare ya sikukuu ya usharika. Wako akina mama waliokopa fedha za kikoba ili wasionekane wamevaa tofauti. Wako walioacha kuimba, tena kwa uongo wa heshima wakasema wanaumwa koo, kumbe hawakuwa na fedha ya kitambaa. Mama wa namna hiyo ametolewa katika nyumba ya Mungu kwa vazi, kama alivyotolewa yule binti, ila yeye ametolewa kwa nguo ndefu, wala hakuna aliyeona. Basi tukilishika neno la Mtume, na tulishike lote. Atakayepima urefu wa sketi, apime na bei ya kitenge.

Labda mtu atauliza, "Na habari ya kichwa, katika Wakorintho wa kwanza, mlango wa 11? Hiyo si amri iliyo wazi?" Katika hili sisi Walutheri hatukuachwa pasipo mwongozo. Tarehe 25 Juni 1530 baba zetu katika imani walisoma ungamo lao mbele ya Kaisari Karolo wa 5 katika mji wa Augsburg. Katika sehemu ya 28 ya Ungamo hilo wamelitaja jambo hili hili, kufunika kichwa kwa wanawake. Nalo lafundisha, kwa maana yake, kwamba maagizo ya namna hii yafaa kushikwa kanisani kwa ajili ya upendo na amani, ili mmoja asimkwaze mwingine, na mambo yote yaende kwa utaratibu. Bali dhamiri za watu zisilemewe, wakadhani kwamba hayo ni ya lazima kwa wokovu. Lasema hata hivi, kwamba mwanamke atokaye kichwa wazi pasipo kumkwaza mtu hatendi dhambi.

Tazameni hekima hiyo. Hawakusema, "Kila mtu afanye apendavyo." Wala hawakusema, "Asiyejifunika atupwe nje." Waliliweka agizo mahali pake, ndani ya upendo. Likitoka ndani ya upendo likasimama peke yake, limekuwa nira, na nira hiyo Kristo hakutuvika. Desturi ya usharika ni njema maadamu yamsaidia mtu kuja. Imzuiapo mtu asije, imeacha kazi yake.

Nayo pwani yetu yenyewe yatufundisha kwamba kitambaa kimoja chaweza kusema maneno mawili. Katika Unguja ya karne ya 19, mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Alijifunga kaniki au merikani kifuani, na kichwa chake kikaachwa wazi, ili kila mtu ajue kwamba ana bwana. Utumwa ulipokomeshwa kisheria huko mwaka 1897, wale waliokuwa watumwa walijinunulia kanga za rangi, wakajifunika vichwa, na wengine baadaye wakavaa buibui. Kwao kujifunika hakukuwa kifungo. Kulikuwa tangazo kwamba sasa ni watu huru, wana heshima yao. Basi ewe kijana msomi, umwonapo bibi yako amejitanda kanga ibadani, usimcheke ukasema ni ushamba. Hujui kanga ile iligharimu nini. Nawe bibi, umwonapo mjukuu wako kichwa wazi, usiseme mara moja kwamba amemdharau Mungu. Huenda kwake kichwa wazi hakisemi neno lolote.

Ndugu, mji huu umekwisha kuona jinsi mambo yawavyo heshima inapotiwa mikononi mwa watu kama fimbo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU wa Dar es Salaam ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kuchubua ngozi, na suruali za kubana, azimio hilo lianze kutumika tarehe 1 Januari 1969. Likaitwa Operesheni Vijana. Kusudi lililotajwa lilikuwa jema, kulinda utamaduni na heshima ya taifa. Lakini kabla siku ile haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalijikusanya hapa Kariakoo penye kituo cha mabasi, yakawavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, yakawazomea na kuwachania nguo, hata polisi wakaja kuyatawanya. Fikirini jambo hilo. Kwa jina la kumsitiri mwanamke, walimvua nguo mbele ya umati. Waliosema wanachukizwa na paja lililo wazi ndio waliolifunua zaidi.

Na katika miaka hiyo hiyo, 1967 na 1968, serikali ilikuwa na shughuli nyingine huko Umasaini, kuwaamuru Wamasai waache vazi lao la jadi, wavae nguo za kisasa. Basi katika nchi moja, kwa wakati mmoja, mwanamke wa mjini aliambiwa kwamba amewaiga mno Wazungu, na Mmasai akaambiwa kwamba hajaendelea vya kutosha. Watu wengi waliandika barua katika magazeti siku zile wakibishana juu ya mambo haya: utamaduni ni upi, na nani mwenye kuupima? Silitaji jambo hili ili kuwalaumu watu wa zamani, wengi wao wamekwisha kulala. Nalitaja kwa sababu mzee yule wa mlangoni, nami niliyenyamaza karibu naye, tulikuwa wa kabila moja na umati ule. Sisi hatukuchana nguo. Tulitumia neno tu. Lakini neno nalo huvua nguo.

Bwana wetu Yesu Kristo alifundishaje? Katika Mathayo 5:28-29 alisema juu ya mwanamume amtazamaye mwanamke kwa kumtamani. Je, alimwagiza mwanamke aende akabadili nguo? Hakumwagiza hivyo. Alisema na mwenye jicho. Jicho lako likikukosesha, shughulika na jicho lako mwenyewe. Mwanamume asimamaye mbele za Mungu akasema, "Ni vazi lake lililonikosesha," anasema lugha ya Adamu, ambaye naye alimnyoshea mwanamke kidole. Mungu hakuupokea udhuru huo katika bustani, wala hataupokea Kariakoo.

Lakini je, hakuna basi neno la kusema juu ya kujisitiri? Lipo, tena ni neno zuri, nalo limeandikwa katika mwanzo wa Biblia. Watu wa kwanza walipojiona kwamba wako uchi, walijishonea majani, na majani hayakutosha. Ndipo Mwanzo 3:21 yatuambia kwamba Bwana Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Kabla ya kuwatoa bustanini, aliwavika. Walikuwa wakosaji, nao waliona haya, naye hakuizidisha haya yao. Aliifunika. Hiyo ndiyo asili ya vazi: ni rehema ya Mungu kwa mtu aonaye haya. Kwa hiyo Luther, katika Katekisimo Ndogo, afafanuapo sehemu ya kwanza ya Imani, ayahesabu mavazi na viatu pamoja na zawadi ambazo Mungu hutupa kila siku kwa wema wake tu. Vazi ni zawadi kabla halijawa sheria. Mtu akijua hivyo hujivika kwa shukrani, wala hajivui ovyo kile alichovikwa na Mungu.

Tena kumbukeni habari za Nuhu, Mwanzo 9. Alipolala uchi hemani mwake, mwana mmoja aliona, akatoka nje akatangaza. Wana wawili, Shemu na Yafethi, walitwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao pasipo kumtazama. Wote watatu walijua kwamba kuna uchi. Tofauti yao haikuwa katika kujua. Ilikuwa katika kutenda. Mmoja alitangaza, wawili walifunika. Basi kila usharika ujiulize: mlangoni petu amesimama nani?

Nawashauri maneno machache, kwa upendo, wala si kama sheria mpya.

Ninyi wazee na walimu: mtu yeyote asirudishwe mlangoni kwa ajili ya vazi. Ikiwa usharika una desturi yake, mama mmoja mwenye busara awe na kanga mbili tatu safi, na amwonapo mgeni ambaye mwenyewe anaona haya, ampe kwa sauti ya chini, akisema, "Karibu mwanangu, jitande hii, tuketi pamoja." Asiyeitaka, na aketi vivyo hivyo. Kufundisha kuna siku yake, na mtu hufundishwa akiwa ndani. Tena msisahau kwamba wengi huvaa kile walichopata. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ya Ulaya na Marekani imewavika watu wa mji huu, na binti mwenye shilingi chache hachagui urefu. Huchagua kilichomo katika fungu.

Ninyi akina mama na mabinti: msivae kwa kuogopa watu, wala msivae kwa kuwinda macho ya watu. Mwanamke wa Mithali 31 amevaa vizuri, tena kwa rangi, lakini vazi lake kubwa ni nguvu na heshima. Mkiwa na uhuru, utumieni kwa kumhurumia aliye dhaifu. Bibi yako akikwazika kwa suruali yako, nawe wampenda, kuiacha siku ya ibada si utumwa. Ni zawadi uliyompa. Lakini zawadi hutolewa na mwenye nayo, hainyang'anywi. Na wakati mpangapo sare, mkumbukeni yule asiye na fedha, mkapunguze, au mkamnunulie kwa siri.

Ninyi wanaume: mstari wa 8 ni wenu. Anzeni hapo.

Nasi sote tukumbuke amri ya nane, jinsi Luther alivyotufundisha kuieleza katika Katekisimo: tusimsingizie jirani, bali tumtetee, tumnene vema, na kila jambo lake tulichukue kwa maana iliyo njema. Siku ile mlangoni sikumtetea yule binti. Niliivunja amri ya nane kwa kunyamaza, huku nikidhani naitunza amri ya sita.

Mtaa wetu wa Kariakoo, kama mjuavyo, ulipata jina lake katika siku za vita vya kwanza vya dunia, kwa wachukuzi wa Waingereza walioitwa Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa hapa. Maelfu ya wachukuzi wa vita ile walikufa, wengi kwa ugonjwa na njaa na uchovu, wakichukua mizigo ya vita isiyokuwa yao. Na Bwana wetu, katika Mathayo 23:4, aliwakemea walimu wafungao mizigo mizito wakawatwika watu mabegani, wao wenyewe wasitake kuigusa kwa kidole. Basi mahali hapa penye jina la wachukuzi, sisi wa kanisa tusiongeze mzigo. Binti ashukaye katika daladala pale Msimbazi amekwisha kuchukua ya kutosha wiki nzima. Akifika mlangoni petu, na aukute mkono.

Maana mwisho wa yote vazi letu ni moja. Imeandikwa katika Wagalatia 3:27 kwamba wote waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo. Vazi hilo hatukulinunua, wala hatukulishona, wala hakuna aliye na refu kuliko mwenzake. Na yule binti alikuwa amekuja kuuliza habari zake.

Bwana atusamehe tuliomfungia mlango. Amrudishe kwake, hata kama ni kwa mlango mwingine. Atupe sisi macho yaliyo safi, na vinywa vinavyofunika. Amina.